Kuhesabu Visivyohesabika: Somo la Kiingereza Lianzalo Sokoni

Katika kazi yangu ya kufundisha Kiingereza, kwanza Iringa na baadaye Mbeya, nimeona kwamba hapana mlango wa sarufi unaowataabisha wanafunzi wa kidato cha kwanza, waliotoka katika shule za msingi ambako masomo yao walisomeshwa kwa Kiswahili, kama ule wa majina yasiyohesabika. Tena nimeona kwamba taabu hiyo aghalabu huzidishwa na ada ya kuwapa orodha ndefu ya kukariri, ilhali kanuni yenyewe wameimiliki tangu walipoanza kutumwa dukani kununua chumvi. Kusudi langu hapa ni kueleza taratibu ninayoifuata, ili mwalimu mwenzangu, au mzazi ambaye mtoto wake anajisomea nyumbani, apate kuitumia.

Anza na kipimo

Siku ya kwanza siandiki ubaoni neno lolote la Kiingereza. Huwataka wanafunzi wataje vitu viuzwavyo katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, au katika soko kuu la Iringa, pamoja na namna vinavyopimwa. Nao, bila ya kusita, hutaja debe la mahindi, kisado cha maharage, gunia la viazi, tenga la nyanya za Ilula, mkungu wa ndizi za Tukuyu, kilo ya mchele wa Kyela, lita ya mafuta na mche wa sabuni. Hata muuza duka aambiwaye "nipe sukari mbili" hupima kilo mbili pasipo kuuliza, kwa maana kipimo, ingawa hakikutamkwa, kimo katika fahamu za wote wawili.

Kisha naandika sentensi moja: "Magunia mawili ya unga yamefika." Nauliza ni neno gani lililoitawala idadi, na ni neno gani lililokitawala kitenzi, nao hujibu kwamba ni magunia, wala si unga. Hapo ndipo ninapoandika chini yake: "Two bags of flour have arrived." Mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba Kiingereza kimefuata njia ile ile: idadi imekaa juu ya chombo, alama ya wingi imekaa juu ya chombo, kitenzi kimekifuata chombo, na "of" imeshika mahali pa "ya" yetu, huku unga ukibaki kama ulivyokuwa.

Panga vipimo kwa jinsi zake

Baada ya hayo huvigawa vipimo mafungu manne. Fungu la kwanza ni la vyombo, kama "a cup of tea" na "a bottle of milk". La pili ni la kiasi kilichokadiriwa, kama "a kilo of rice" na "a litre of oil". La tatu ni la umbo, kama "a loaf of bread", "a bar of soap", "a grain of rice" na "a drop of water". Na la nne ni la neno moja la jumla, "a piece of", litumikalo kwa vingi visivyo na kipimo chao mahsusi. Mafungu mawili ya kwanza hayana shida, kwa hiyo huyapita upesi. Fungu la umbo ndilo linalotaka subira, maana kila kitu kina kipimo chake: sisi hatusemi punje ya maji wala tone la mchele, na Mwingereza hasemi "a loaf of soap".

Kipimo ni mapatano, na wakulima wa viazi wa nyanda hizi za Iringa na Mbeya wanalijua hilo kwa uchungu. Kwani gunia la lumbesa, lililoongezewa kichwa juu ya mdomo wake, huitwa gunia moja ingawa limepita kilo 100 zilizowekwa kuwa ukomo, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukilipiga vita ili mkulima asidhulumiwe. Katika lugha, kadhalika, mapatano yakivunjwa hudhulumiwa msikilizaji.

Mahali penye hatari

Kosa kubwa la wanafunzi halimo katika unga wala maziwa. Limo katika majina ambayo kwetu huhesabika waziwazi na kwa Waingereza hayahesabiki abadani. Hushika chaki mbili mkononi na kuuliza nimeshika nini. Wengi hujibu "two chalks", kwa kuwa Kiswahili kimewaruhusu kusema chaki mbili. Nami huwafundisha "two pieces of chalk". Mikate miwili ni "two loaves of bread". Mizigo mitatu ya abiria anayeshuka garimoshi la TAZARA pale Mbeya ni "three pieces of luggage". Nasaha moja ni "a piece of advice", habari moja ni "a piece of news", kifaa kimoja ni "a piece of equipment", na samani moja ni "a piece of furniture". Radi, ambazo katika masika ya Mbeya hazina uhaba, huhesabiwa kwa mmweko, "a flash of lightning", na ngurumo kwa kishindo, "a clap of thunder". Wanafunzi wa vyuo vikuu nao, waliozoea kuandika tafiti mbili, hawana budi kujihadhari na "two researches".

Asidhani mtu kwamba hili ni pungufu la akili za watoto wetu. Wasemao Kihispania huhesabu nasaha, samani na habari kama tufanyavyo sisi, na hujikwaa papo hapo wanapojifunza Kiingereza. Kwa hiyo humwomba mwanafunzi atenge daftari dogo la majina ya namna hii pekee, yale yanayotofautiana baina ya lugha hizi mbili, wala asilijaze kwa yale yanayolingana.

Tahadhari ya ngeli

Fauka ya hayo, kuna mtego wa upatanisho. Maji, maziwa na mafuta, ingawa hayahesabiki, kwetu huchukua upatanisho wa wingi, nasi husema maziwa yamemwagika. Basi mwanafunzi huandika "the milk have spilled", ilhali imempasa kuandika "has". Vivyo hivyo nywele zangu ni "my hair", na habari hizi ni "this news". Tena "-ingi" yetu hufaa kwa watu wengi na kwa maji mengi pia, lakini Kiingereza hutaka "many people" na "much water". Mambo haya huyafundisha mwisho, baada ya vipimo kukaa imara, kwa kuwa mwanafunzi akipewa yote kwa pamoja huchanganyikiwa.

Mazoezi

Kwa zoezi la nyumbani, mwanafunzi huandamana na mama yake sokoni, huandika kwa Kiswahili kila kilichonunuliwa pamoja na kipimo chake, kisha huandika orodha hiyo kwa Kiingereza. Juma linalofuata huandika habari za safari, humo akitaja mizigo, nasaha alizopewa na habari alizozisikia njiani, maana hapo ndipo hujulikana kama ameelewa. Akikosa neno mahsusi la umbo la kitu kigumu, au la jambo kama nasaha, namruhusu atumie "a piece of" kwanza, na neno sahihi likipatikana asahihishe.

Naamini kwa dhati kwamba mtoto aoneshwaye kuwa lugha anayoisema nyumbani ina kanuni, na kwamba kanuni hizo ni mtaji wake, huiendea lugha ya pili bila ya woga. Basi, mwalimu mwenzangu, kabla hujafungua kitabu cha sarufi, waulize wanafunzi wako mahindi hupimwa kwa nini, na uyaandike majibu yao yote ubaoni.