Pembea ya Da Nang na Swali la Nyanya

Makala yangu ya mwaka huu yametokana na swali moja tu, na aliyeniuliza ni mtu ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Nililijibu haraka haraka, tena kwa majivuno, na jibu langu likawa la uongo. Wengine wenu mlinisikia nikilirudia jibu hilo hapa hapa shuleni, mkalikubali. Basi leo nataka kulisahihisha hadharani.

Kisa chenyewe kilianza likizo ya Agosti, mwaka 2023. Shangazi yangu alikuwa na shughuli za kikazi huko Da Nang, mji ulio katikati ya pwani ya Vietnam, akaamua kufuatana nami. Mto Han umeukata mji ule pande mbili kabla ya kuingia baharini, na madaraja yake kila moja lina kituko chake. Lipo moja lililofunguliwa mwaka 2013, lenye urefu wa mita 666, ambalo mgongoni mwake limejengewa joka la chuma. Usiku wa mwisho wa juma joka hilo hutema moto, kisha hutema maji! Nilipoambiwa nilidhani natiwa kilemba cha ukoka.

Lakini lililonishika macho lilikuwa kusini ya daraja hilo, ukingo wa magharibi, ndani ya bustani ya michezo iliyoitwa Asia Park ilipofunguliwa. Hapo limesimama gurudumu kubwa la kupanda watu, urefu wake mita 115 kutoka ardhini. Jumba letu la KICC pale Nairobi lina mita 105. Yaani hata ukisimama juu ya paa la KICC, gurudumu hili bado litakupita. Lina vyumba 64, na kila chumba huingia watu 6, kwa hiyo wakijaa wote ni watu 384. Ni shule nzima, na pengine na wapishi.

Sasa wacha niseme ukweli. Mie ni mwoga wa kimo. Kwenye maonyesho ya kilimo niliwahi kulipia tikiti ya kigurudumu kidogo tu, nikafika mlangoni, nikampa tikiti yangu mtoto wa darasa la tatu. Kwa hiyo nilipoliona dude lile nikaanza kusifu mandhari ya chini. Shangazi akanitazama akasema, "Mwanangu, kwani umekuja Vietnam kuangalia miguu ya gurudumu?" Nikaingia.

Dakika ya kwanza sikusikia kitu. Chumba kilikuwa kama hakiendi. Halafu ghafla nikaona miti imekuwa mboga na pikipiki zimekuwa siafu, tunapanda kweli kweli. Upande wa mashariki bahari ikatokeza nyuma ya majumba, na kaskazini vilima vya rasi ya Son Tra. Taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka na mto ukazimeza zote ukazirudisha kwa rangi nyingine. Tulipofika kileleni tukakaa. Tukakaa hasa, nikadhani mashine imekwama. Shangazi, na kikombe chake cha kahawa mkononi, akahamia upande wa pili ili apige picha. Chumba kikayumba! Nikashikilia benchi kwa mikono miwili na kutaja majina yote ya Mungu niyajuayo. Chumba kikayumba mara mbili tatu, kisha kikatulia wima kama awali.

Kumbukeni kule kuyumba. Jibu la swali lilikuwa pale pale, nami sikuliona.

Tuliporudi nilipitia Kisauni kumwamkia nyanya na kumwonyesha picha. Akavaa miwani, akatazama.

"Hii si pembea hii?" akauliza. "Kama zile za Idi, uwanja wa Makadara?"

"Ndiyo nyanya, lakini hii ni kubwa mno."

"Naona. Sasa mjukuu wangu, niambie. Baiskeli ukitia kijiti kwenye spoku, gurudumu likizunguka, kijiti nacho si hupinduka? Nyie mlipofika huko juu, mbona hamkuwa kichwa chini miguu juu?"

Nikacheka kidogo, kicheko cha msomi. Nikamweleza kuhusu ndoo ya maji tunayoizungusha kwa nguvu kwenye somo la fizikia: ikipita juu kichwani maji hayamwagiki, kwa sababu ya mbio za mzunguko. Nasi, nikasema, tulishikwa na mbio hizo hizo.

"Basi mlikwenda mbio?"

"Mbio sana, nyanya."

Akaikaribisha ile picha machoni. "Mbio namna hiyo," akasema taratibu, "na kahawa ya shangazi yako imetulia kikombeni?"

Sikuwa na la kusema. Nilirudi shuleni nikiwa na deni. Kwa wiki ya kwanza nililikana, nikaendelea kuwaambia ninyi habari za ndoo. Kisha jioni moja ya maandalio nikachukua kalamu, nikapiga hesabu.

Gurudumu lile humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 15 hivi. Hebu tuchukue kipenyo cha mita 100, ili hesabu iwe nyepesi. Mzingo wake ni mita 314. Ukigawanya kwa sekunde 900 unapata sentimita 35 kwa kila sekunde. Nyanya mwenyewe, akienda msikitini na mkongojo wake, hulipita gurudumu hilo! Ukiendelea na hesabu ya mwendo wa duara, yaani mbio mara mbio, gawanya kwa nusu kipenyo, utaona kwamba athari ya mzunguko ni kama sehemu moja tu ya sehemu 4,000 za mvutano wa ardhi. Kitu hicho hakiwezi kumshika nzi, seuze binadamu. Ndoo ya maji ni kweli, lakini ni kweli ya mahali pengine. Nilichukua jibu sahihi nikaliweka kwenye swali lisilo lake.

Jibu lenyewe ni lile la kuyumba. Chumba hakikupigiliwa misumari kwenye gurudumu. Kimetungikwa kwenye mhimili wake ulio juu, kama ndoo inavyoning'inia kwenye kishikio chake. Uzito wake mwingi uko chini ya mhimili huo. Gurudumu likigeuka, uzito huvuta chumba kirudi chini ya mhimili, kila nukta, polepole. Ndiyo maana shangazi alipohama kiliyumba, na ndiyo maana kilitulia. Kilichonitia hofu ndicho kilichokuwa kinanilinda.

Asiyeamini atafute gurudumu bovu la baiskeli. Afunge kijiti karibu na ringi, kitokeze upande mmoja, na rafiki yake alishike ekseli kwa upande wa pili. Kisha achukue kikopo cha maji, akitie mkono wa waya, akitundike kwenye kijiti bila kukaza. Azungushe polepole. Kijiti kitapinduka kama alivyosema nyanya, wala hakukosea hata kidogo. Kikopo hakitapinduka.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini nilidhani tumekwama. Kwa kipenyo kile cha mita 100, dakika ya kwanza unapanda mita 4 na kitu tu, kwa sababu chini kabisa chumba hukaribia kwenda kwa ubavu. Ukifika usawa wa kitovu unapanda wima, na dakika moja hukupeleka kiasi cha mita 21. Juu unarudi kwenda kwa ubavu: kwa dakika mbili nzima uko ndani ya mita 4 na kitu kutoka kileleni. Kwa mwoga hiyo ni miaka miwili. Wanaotaka kuhakikisha watumie kosini, tuliyoilalamikia mwaka mzima kwamba haina kazi.

Jambo jingine nililogundua katika kutafutatafuta ni kwamba gurudumu lile ni la mtumba. Msicheke. Lilijengwa Japani mwaka 1992, mjini Otsu kando ya Ziwa Biwa, katika bustani ya michezo iliyoitwa Biwako Tower. Lilikuwa na mita 108, na wakati ule hapakuwa na jingine duniani la kulipita. Bustani ikafungwa mwaka 2001, nalo likabaki pale kando ya ziwa bila abiria, kwa miaka zaidi ya 10. Mwaka 2013 likauzwa, likafunguliwa vipande vipande, likavushwa bahari, na mwaka 2014 likaanza kuzunguka tena Da Nang. Na mimi niliyekuwa naona haya kwa sababu suruali niliyovaa siku ile ilitoka Gikomba!

Huko Japani liliitwa Igosu 108. Hapa wanachama wetu wa pwani watafurahi. Wajapani wanalo neno "sugoi", lenye maana ya ajabu kubwa, kama sisi tunavyosema "kali!" Wamelichukua neno hilo, su-go-i, wakaligeuza silabi zake nyuma mbele: i-go-su. Ni kinyume! Wenzetu wa bara huenda hamkijui kinyume: ni mchezo wa zamani wa Waswahili wa kuficha maneno, ambapo silabi ya mwisho huletwa mwanzo. Nyumba huwa "mbanyu", kitabu huwa "bukita", na pembea ikawa "apembe". Wajapani wao wamegeuza neno zima, lakini ndugu ni ndugu.

Wavietnam nao wanaliita Vòng quay Mặt Trời. "Vòng" ni duara, "quay" ni kuzunguka, na "mặt trời" ni jua. Ukilichambua neno hilo la jua, "mặt" ni uso na "trời" ni mbingu. Tazameni pia mpangilio: kitu hutajwa kwanza, sifa zake hufuata, kama kwetu. Lugha yao iko mbali sana na yetu, tena kila silabi ina mwimbo wake, lakini ukitaja Gurudumu la Jua umefuata mstari ule ule.

Sasa nafika kwenye ule ubishi wetu wa muhula uliopita. Wengine mlisema tuliite "gurudumu la Ferris", kwa sababu Mmarekani George Ferris ndiye aliyelibuni. Ni kweli kwamba alijenga la kwanza kubwa, mjini Chicago mwaka 1893. Lilikuwa na mita 80 hivi na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60, na mwaka 1906 likavunjwa kwa baruti. Lakini pembea za duara, za mbao, za kusukumwa kwa mikono, zilikuwapo kabla babu yake Ferris hajazaliwa. Mwingereza Peter Mundy alizikuta mwaka 1620 katika mji ambao leo ni Plovdiv, nchini Bulgaria, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Waturuki. Kwa hiyo nyanya alipoiona picha na kusema "pembea", alikuwa karibu na chanzo kuliko sisi wenye vitabu. Mimi nitaandika pembea. Anayetaka Ferris aje tubishane.

Likizo ya Desemba nilikwenda Kisauni na gurudumu la baiskeli begani na mkebe wa maziwa ya unga uliotiwa waya. Makondakta wawili walinikataa. Nikamwamkia nyanya, nikamwambia kwamba lile jibu la Agosti lilikuwa la uongo na kwamba nimeleta jingine. Hakusema kitu. Akavuta kigoda, nikashika ekseli, yeye akazungusha kwa kidole. Mkebe ukapanda, ukapita juu, ukashuka. Maji kimya. Akazungusha tena, mara tatu, mara nne, akiinamisha kichwa kutazama pale waya unaposuguana na kijiti.

"Aa," akasema. "Umening'inizwa. Haukufungwa."

Kisha, kabla sijaondoa mkono, akalipiga gurudumu kofi kwa nguvu zake zote. Mkebe ukaruka, maji yote yakanimwagikia kifuani na kwenye viatu.

"Na hizo," akasema, "ndizo mbio ulizoniambia?"

Nikaenda kutafuta tambara.