Kebo ya Mafuta Ikikwama Baada ya Kubadilisha Injini ya Boda Boda

Mwendeshaji anapoachilia mpini wa mafuta, pikipiki inapaswa kupunguza kasi papo hapo. Isipopunguza, abiria, mwendeshaji na wapita njia wote wamo hatarini. Hitilafu hii inaweza kujitokeza pikipiki ikiwa ndiyo imetoka gereji kuwekewa injini nyingine. Injini ni nzima, kebo ni ileile iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, lakini mafuta hayarudi. Somo hili linahusu pikipiki zinazotumia kabureta.

Kwa nini injini nyingine huleta shida

Kebo ya mafuta ni waya wa chuma unaoteleza ndani ya ganda. Ncha moja imeshikwa na mpini wa kulia, na ya pili imeshikwa na slaidi, kile kipande cha duara kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta. Mkono huvuta slaidi juu, lakini kinachoirudisha chini ni springi peke yake. Springi hiyo haina nguvu nyingi, kwa hivyo kizuizi kidogo tu huishinda.

Injini ya cc 150 ikichukua nafasi ya ile ya cc 100, kabureta huenda ikakaa juu zaidi, nyuma zaidi au ikaelekea upande mwingine. Kebo ikiwa fupi hukazika, na ikiwa ndefu hujikunja. Tangi likirudishwa bila uangalifu huibana. Ikigusa silinda, joto huharibu plastiki iliyo ndani ya ganda na waya huanza kung'ang'ania.

Kutafuta mahali palipokwama

Injini izimwe na ipoe, ufunguo utolewe na koki ya petroli ifungwe. Kisha hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio:

1. Mpini wa mafuta uzungushwe na kuachiliwa usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa kabisa kushoto, kisha kulia. Ukikwama upande mmoja tu, kebo inabanwa au ni fupi. Njia yake ndiyo ya kurekebishwa.

2. Kifuniko cha juu cha kabureta kifunguliwe, slaidi itolewe na kebo itenganishwe nayo. Waya uvutwe kwa mkono huku na huku. Ukiteleza vizuri pamoja na mpini, tatizo limo ndani ya kabureta.

3. Ukiendelea kukwama, kebo itolewe pia kwenye mpini. Waya ukiteleza sasa, kasoro iko kwenye mpini: uchafu, skrubu zilizokazwa kupita kiasi, au mpira unaosugua mwisho wa usukani. Usipoteleza, kebo yenyewe imeharibika.

Kurekebisha

Kebo ipitishwe kwa mikunjo mipana kutoka usukani, chini ya tangi, hadi kwenye kabureta, mbali na silinda na bomba la moshi. Ikifungwa kwenye fremu, isikazwe hadi ganda libonyee. Kebo iliyokatika nyuzi, iliyopinda au isiyotosha urefu ibadilishwe. Kuunganisha waya kwa kulehemu ni kuhatarisha maisha. Grisi nzito nayo si tiba, kwa sababu hushika vumbi na kuongeza uzito wa waya.

Tatizo likiwa kwenye kabureta, slaidi na nafasi yake zisafishwe kwa petroli, mbali na moto, na springi ikaguliwe kama imelegea. Slaidi ina mfereji unaopaswa kuingia kwenye pini iliyo ndani ya kabureta. Ikirudishwa kinyume, haitashuka hadi mwisho na injini itanguruma kwa kasi mara tu inapowashwa. Pia nati zinazoshika kabureta kwenye injini zikikazwa mno, kabureta hupinda kidogo na kuibana slaidi.

Kuna wakati mpini na slaidi vinarudi vizuri, ilhali injini inaendelea kunguruma. Hapo kebo haina makosa. Gasketi kati ya kabureta na injini ikaguliwe kama inavuta hewa, na skrubu ya kurekebisha mngurumo wa chini ipunguzwe.

Kabla ya kubeba abiria

Mpini uwe na ulegevu wa takriban milimita 2 hadi 6 kabla ya kebo kuanza kuvuta. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, gia ikiwa nyutro, injini iwashwe na usukani ukatwe pande zote mbili. Mngurumo ukipanda bila mpini kuguswa, kebo bado imekazika na pikipiki haijawa tayari kwa barabara. Swichi ya kuzima injini nayo ijaribiwe, kwani nyaya zake huweza kusahauliwa wakati wa kubadilisha injini.

Mafuta yakikwama safarini, mwendeshaji ashike klachi ili injini isiendelee kusukuma gurudumu, azime injini kwa swichi, na atumie breki zote mbili kusimama kando ya barabara. Asijaribu kurekebisha mpini huku akiendelea na safari.

Hati za pikipiki

Nambari ya injini huandikwa kwenye hati za usajili. Mmiliki anayebadilisha injini anapaswa kuyawasilisha mabadiliko hayo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), na kutunza risiti ya ununuzi wa injini hiyo.

Wakaazi wanaotaka kujifunza ufundi wa pikipiki kwa kina wanaweza kuulizia kozi katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya serikali ya kaunti. Mwendeshaji ambaye hajafika huko ana kipimo kimoja cha kufanya kila asubuhi: azungushe mpini, auachilie na ausikilize ukirudi. Usiporudi wenyewe kwa haraka, safari isubiri.