Dondoo muhimu: Aikoni ndani ya kitufe
Kwenye Android, aikoni ya dp 24 ipewe eneo la kuguswa lisilopungua dp 48 kwa 48. Apple hupendekeza pointi 44. Panua nafasi inayoizunguka, aikoni yenyewe iache ilivyo. Ikiandamana na maandishi, mfumo wa usanifu wa Material 3 hutumia dp 18, na pengo la dp 8 kabla ya neno.

Pembetatu ya kucheza muziki huhitaji uangalifu zaidi. Ukiiweka katikati kwa hesabu, jicho huiona imeegemea kushoto, kwa kuwa uzito wake mwingi uko upande huo. Isogeze kulia kidogo, kisha iangalie kwenye simu halisi. Programu ikitumia Kiarabu, mshale wa kurudi nyuma ugeuzwe. Pembetatu hiyo usiigeuze.