Foklifti: Soma Namba ya Hitilafu Kabla ya Kununua Kifaa

Wamiliki wa maghala na mafundi wanakumbushwa kwamba namba ya hitilafu huonyesha mahali pa kuanzia uchunguzi, si lazima kifaa kibovu.

Katika injini zinazotumia mfumo wa J1939, SPN 100 huhusu shinikizo la oili, nayo FMI hueleza aina ya tatizo. FMI 1 humaanisha shinikizo limeshuka mno: injini izimwe mara moja, na kiwango cha oili kipimwe.

FMI 3 au 4 huashiria volteji isiyo ya kawaida. Fundi atenganishe betri, kisha akague viunganishi vyenye kutu na nyaya zilizochubuka kabla ya kubadilisha sensa.

Atakayechanganya namba hizo huenda akanunua sensa asiyoihitaji, au akaua injini.