Kaya Chache Zinazosema kwa Niaba ya Nyingi: Somo Letu kutoka Pito



Tulipokutana na kamati ya usharika pale Pito tuliulizwa swali ambalo tumelisikia pia kwa wafadhili: Serikali ilijuaje kwamba asilimia 45 ya wakazi wa Rukwa ni maskini, wakati wengi wetu hatujawahi kumwona mdadisi mlangoni? Takwimu hiyo ilitokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Rukwa ilikuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, ambayo wastani wake ulikuwa asilimia 26.4. Maskini alihesabiwa ni yule ambaye matumizi yake hayakufikia shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi.

Mkulima wa Ufipa anaijua sampuli tayari. Mnunuzi wa mahindi hafungui gunia lote, anachoma bambo na kutazama punje zilizotoka. Tatizo huanza akichoma upande mmoja tu, hasa upande ambao muuzaji amemwelekeza!

Watakwimu huchoma mara mbili. Kwanza, nchi imegawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa ajili ya sensa. Katika utafiti wa 2017/18 yalichaguliwa maeneo 796 kwa bahati nasibu, na eneo lenye kaya nyingi lilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kisha kaya zote za kila eneo lililochaguliwa huorodheshwa upya, na zikachaguliwa 12. Jumla ni kaya 9,552 kwa Bara nzima. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, hivyo mjane anayejipikia katika ua wa mwanawe ni kaya yake peke yake. Orodha zetu nyingi humsahau huyu.

Kazi hiyo ilienea miezi 12, na sababu yake tunaijua sisi wenyewe. Ukiuliza Julai, mahindi yako ndani na maharage yameuzwa. Ukiuliza Februari, nyumba ile ile inanunua unga kwa kilo.

Sasa tahadhari. Ukigawa kaya hizo kwa mikoa 26, wastani ni kaya 367 kwa mkoa. Idadi hiyo yatosha kuzungumzia Rukwa, tena kwa kukubali kwamba ukweli unaweza kuwa juu au chini kwa asilimia tano au zaidi. Haitoshi kabisa kuzungumzia Pito. Ndiyo maana utafiti wa 2000/01, uliotaka takwimu za kila mkoa, ulihoji kaya 22,178. Ule wa 2007 ulihoji 10,466 na ukatoa majibu kwa Dar es Salaam, miji mingine na vijijini tu. Kwa hiyo tunapoandika katika andiko la mradi kwamba "asilimia 45 ya watu wa Pito ni maskini," tunasema jambo ambalo hakuna aliyelipima. Tumewahi kuliandika. Tunawaomba radhi wafadhili.

Kosa la pili lilikuwa letu pia. Tulipotafuta kaya za kupewa mbuzi wa maziwa, tuliwahoji waliobaki baada ya ibada ya Jumapili na wale wa kando ya barabara, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeharibu njia. Tulipata picha ya watu wenye afya ya kufika kanisani. Wagonjwa, wazee na wanaoishi mbali hawakuwemo, nao ndio mradi ulikuwa wao.

Safari hii tufanye hivi. Kamati ipate orodha ya kaya zote kwa mwenyekiti wa mtaa (tunasema mtaa wa serikali, si mtaa wa usharika), bila kujali dhehebu. Tuseme zimefika 180 na tunataka kuhoji 20: 180 gawanya kwa 20 ni 9. Weka vikaratasi vyenye namba 1 hadi 9 ndani ya kofia, mtoto achomoe kimoja. Akipata 4, tutakwenda kaya ya 4, 13, 22, 31, hivyo hivyo hadi ya 175. Mwenye nyumba asipokuwepo, rudini jioni, rudini na kesho. Msihamie kwa jirani kwa sababu tu yuko nyumbani. Huenda yule asiyekuwepo ameenda kulima kibarua, na hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Kaya hizo 20 zitatuonyesha hali ya mtaa, wala si orodha ya watakaopewa mbuzi. Hiyo itajadiliwa na kamati baadaye, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Madaftari na kalamu yako ofisini kwetu, wazee wa kanisa wayachukue kabla mvua hazijaanza.