Chati ya Elementi na Mfuko wa Mbolea

Sasa unajua kusoma na kuandika. Unasoma barua yako mwenyewe. Unaweka sahihi badala ya kidole gumba. Lakini siku moja unakwenda dukani kununua mbolea, na juu ya mfuko unaona maandishi haya: NPK 18-46-0. Herufi unazijua. Namba unazijua. Lakini zina maana gani?

Katika somo hili tutajifunza kuyasoma maandishi hayo. Kwanza tutaanza na chati moja kubwa ambayo hutundikwa ukutani katika shule za sekondari. Inaitwa chati ya elementi. Kama kuna shule karibu na kijiji chenu, ombeni ruhusa mkaione.

Elementi ni nini?

Chukua kipande cha shaba. Kikate katikati. Kila nusu ni shaba. Ikate nusu hiyo tena, na tena. Kama ungekuwa na kisu chembamba kupita visu vyote, mwisho ungefika kwenye chembe ndogo kabisa ambayo bado ni shaba. Chembe hiyo huitwa atomu. Atomu ni ndogo mno. Ukizipanga mstari mmoja katika unene wa unywele, zitaingia laki kadhaa.

Kitu chenye atomu za aina moja tu huitwa elementi. Shaba ni elementi. Dhahabu, fedha, chuma na risasi ni elementi pia. Maji si elementi, kwa sababu yana atomu za aina mbili, haidrojeni na oksijeni, zilizoshikana. Chumvi ya kupikia nayo ina aina mbili, sodiamu na klorini.

Jinsi ya kusoma chati

Chati ina vyumba vidogo vidogo, kama nyumba iliyochorwa kutoka juu. Kila chumba ni cha elementi moja. Leo vyumba vyote ni 118. Elementi zilizo katika safu moja ya kwenda chini zina tabia zinazofanana, kama watu wa ukoo mmoja.

Mtaalamu wa Urusi aliyeitwa Mendeleev alitoa chati yake mwaka 1869. Wakati huo zilijulikana elementi 63 tu. Akaacha vyumba vitupu, akaeleza mapema tabia za elementi zitakazokuja kukaa humo. Mwaka 1875 ikapatikana galiamu, na mwaka 1886 jerimaniamu. Zote mbili ziliingia katika vyumba alivyoziwekea. Ni kama mtu aliyewatengea wageni viti kabla hajawaona, nao wakaja wakakalia viti vilevile.

Ndani ya kila chumba kuna herufi moja au mbili. Hapa wanafunzi wengi hukwama, hata wa sekondari. Herufi ya oksijeni ni O, na ya naitrojeni ni N. Hizo ni rahisi. Lakini ya sodiamu ni Na, na ya potasiamu ni K. Kwa nini? Kwa sababu herufi hizo zilitoka katika majina mengine. Na ni ya neno natrium, lililotokana na natron, yaani magadi. Ziwa Natron la kaskazini mwa Tanzania lina jina hilohilo, na magadi yake yana sodiamu. K ni ya neno kalium, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu la majivu ya mimea. Kumbe majivu ya jikoni kwako yana potasiamu! Ukikumbuka magadi na majivu, hutasahau Na na K.

Kila chumba kina namba yake pia. Haidrojeni ni 1, naitrojeni ni 7, fosforasi ni 15, potasiamu ni 19. Namba hiyo ni hesabu ya protoni zilizo katika atomu moja. Protoni ni chembe ndogo zinazokaa katikati ya atomu, mahali panapoitwa kiini. Katika kiini mna pia chembe ziitwazo nyutroni, na nje yake zipo elektroni.

Baadhi ya chati huwa na picha ya atomu pembeni. Kiini huchorwa kikubwa kama chungwa, na elektroni huchorwa karibu yake. Picha hiyo inasaidia kuhesabu, lakini usiiamini kwa ukubwa. Kama atomu ingekuwa pana kama uwanja wa mpira, kiini kingekuwa punje ya ulezi katikati ya uwanja. Hakuna karatasi ya kutosha kuchora hivyo.

Turudi kwenye mfuko

Sasa soma tena: NPK. N ni naitrojeni, P ni fosforasi, K ni potasiamu. Mmea unahitaji elementi hizi tatu kwa wingi. Ukitembea shambani utaona dalili za upungufu. Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini huwa ya manjano kuanzia ncha na kufuata katikati ya jani. Mahindi machanga yakikosa fosforasi, majani huwa na rangi ya zambarau. Yakikosa potasiamu, kingo za majani ya chini hukauka kama zimeungua moto.

Namba tatu za mfukoni hufuata mpangilio huohuo: ya kwanza ni ya N, ya pili ya P, ya tatu ya K. Hizi si namba za vyumba vya chati. Usizichanganye. Zinaonyesha kiasi katika kila kilo 100 za mbolea. Kwa P na K, wenye viwanda huhesabu pamoja na oksijeni iliyoshikana nazo.

Tufanye hesabu. Mfuko wa kwanza wa kilo 50 umeandikwa 46-0-0. Hiyo ni urea. Nusu ya 46 ni 23, kwa hiyo una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa pili, wa kilo 50 pia, umeandikwa 26-0-0. Nusu ya 26 ni 13, kwa hiyo una kilo 13. Tuseme mifuko yote miwili inauzwa kwa bei moja. Mkulima asiyesoma namba atadhani amepata kitu kilekile, kumbe amekosa kilo 10 za naitrojeni. Mfuko wa pili unaweza kuwa na faida nyingine, kama kalisiamu, na huenda shamba lako linaihitaji. Muulize bwana shamba au bibi shamba. Lakini uliza huku umeshasoma mfuko.

Soma pia mshono wa mfuko. Mfuko ulioshonwa upya kwa mkono, maandishi yake hayawezi kukuhakikishia kilichomo ndani.

Kazi ya darasa

Chukueni karatasi ya mfuko wa saruji, mkung'ute vumbi. Chora vyumba saba kwa mkaa: H 1, C 6, N 7, O 8, Na 11, P 15, K 19. C ni kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mkaa unaoandikia. Katika kila chumba bandikeni punje za mahindi kwa uji mzito wa muhogo, idadi sawa na protoni. Itundikeni mbali na kuku.

Maswali

1. Kwa nini maji si elementi?
2. Chumba cha K kitakuwa na punje ngapi?
3. Mfuko wa kilo 50 umeandikwa 18-46-0. Una kilo ngapi za naitrojeni?
4. Mahindi ya jirani yako yana majani ya chini ya manjano kuanzia ncha. Utamshauri atafute herufi gani dukani?
5. Leteni darasani mfuko mtupu wa mbolea kutoka nyumbani, mmoja kwa kila mtu anayeweza. Ni mfuko upi una N nyingi kuliko yote, na ulinunuliwa kwa bei gani?