Tathmini ya Hatari Mahali pa Kazi: Mfano wa Ghala la Nafaka

Katika mikutano ya Polisi na wafanyabiashara wa mpakani, swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ni namna ya kuzuia wizi. Ni swali la haki, nasi tuna wajibu wa kulijibu. Hata hivyo, mwizi ni hatari moja tu miongoni mwa nyingi, na mtu anayejikinga naye bila kuzitazama hatari nyingine huweza kuandaa, kwa mikono yake mwenyewe, msiba ulio mkubwa kuliko wizi.

Tathmini ya hatari ni kazi ya kupita mahali pa kazi kwa utaratibu, kutambua kila kitu kinachoweza kumdhuru mtu, kupima uwezekano na ukubwa wa madhara hayo, kisha kuamua la kufanya kabla hayajatokea. Wengi hudhani ni shughuli ya viwanda vikubwa na mashirika ya kigeni. Sivyo. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini yenyewe. Shule, kanisa, msikiti, chama cha akiba na duka la jumla vyote vina watu wa kulindwa.

Tuchukue mfano wa ghala la mahindi, la aina inayofahamika kwa kila mkazi wa Busia au Malaba. Kuta ni za matofali, paa ni la mabati. Mlango mkubwa waelekea barabarani. Mlango mdogo wa nyuma umefungwa kwa mnyororo na kufuli tangu wezi walipoujaribu. Madirisha yana nondo. Magunia yamepangwa hadi karibu na paa, na katika pembe moja kuna madumu mawili ya petroli ya mashine ya kupukuchulia. Usiku, mlinzi hufungiwa ndani, naye hulala juu ya magunia.

Hatua ya kwanza ni kuzunguka, na mwenye ghala asizunguke peke yake. Yeye huijua bei ya kila gunia, lakini kuli ndiye ajuaye ni rundo lipi linalotikisika. Aulizwe, na asikilizwe bila kukatizwa. Wakumbukwe pia watu wasiolipwa mshahara hapo: akina mama wanaopepeta mahindi wakiwa na watoto mgongoni, madereva wanaolala chini ya malori, na jirani ambaye chumba chake kimeshiriki ukuta mmoja na ghala.

Katika mzunguko huo, jambo la kusimama nalo muda mrefu ni vidonge vya kufukizia wadudu. Vidonge hivi, ambavyo kwa kawaida huwa na aluminiamu fosfidi, vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi hiyo. Gesi yenyewe ni nzito kidogo kuliko hewa, hupenya kwenye nyufa za ukuta, na haina dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Wapo wanaosema kwamba mtu ataisikia kwa harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Mtu asiitegemee harufu: aliyelala hainusi, na pua huzoea. Mahali panapofukizwa pasilale mtu hata usiku mmoja, pafungwe kwa siku zote zilizoandikwa kwenye kopo, kisha pafunguliwe na kupitishwa hewa kabla ya mtu kuingia kufanya kazi.

Hatua ya pili ni kupima. Wakadiriaji wengi hutumia alama 1 hadi 3 kwa uwezekano wa jambo kutokea, na 1 hadi 3 kwa ukubwa wa madhara, kisha huzidisha. Kuibiwa gunia katika msimu wa mavuno kuna uwezekano mkubwa, tuseme 3, lakini madhara yake kwa uhai wa mtu ni madogo, 1. Jumla ni 3. Mlinzi kulala kwenye gesi, au kunaswa na moto ndani, kuna uwezekano wa wastani, 2, lakini madhara yake ni kifo, 3. Jumla ni 6. Namba hizi si mizani ya dhahabu, na watu wawili wenye akili timamu huweza kutofautiana juu yake. Faida yake ni kuulazimisha mjadala utoke kwenye woga wa jana na kuelekea kwenye jambo linaloweza kuua kesho.

Sasa tufike kwenye kufuli. Msomaji atashangaa afisa wa polisi akimwambia alitilie shaka kufuli lake, lakini ndivyo inavyopasa. Mnamo Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Vitu vilivyowekwa kwa ajili ya ulinzi viliwazuia kutoka.

Mwenye ghala atajibu kwamba mlinzi akiweza kufungua mlango kutoka ndani, ataweza pia kuwafungulia wezi. Hoja hii ina uzito, na sisi tuliozoea kesi za wizi hatuwezi kuipuuza. Ndiyo maana hatari zote mbili ziandikwe kwenye ukurasa mmoja. Zikikaa pamoja, suluhisho huonekana: mlinzi atoke ndani. Ajengewe kibanda nje, mahali anapoweza kuiona milango yote miwili, apewe tochi, filimbi na simu yenye chaji. Usiku kufuli litafungia mahindi peke yake. Mchana, milango yote miwili iwe wazi au ifungwe kwa komeo lisilohitaji ufunguo. Gharama ni mbao na mabati machache. Kuondoa hatari yenyewe hutangulia daima kuliko kumvisha mtu barakoa na kumwombea.

Madumu ya petroli yatoke pia, bila mjadala. (Kama yalivuka mpaka kwa njia za panya, hilo ni somo la siku nyingine.)

Tathmini isiishie kwenye ukuta. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kati ya Uvira na Bukavu, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi walikuwa wamekwenda kuteka mafuta, lakini wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Barabarani kwetu malori ya mafuta husimama kwa foleni. Kila ghala liamue mapema watu wake watakimbilia upande gani, na nani atawahesabu.

Mambo haya yaandikwe, hata kwenye daftari la shule: hatari gani, hatua gani, nani atatekeleza, tarehe gani. Sentensi isemayo "tutarekebisha" bila jina la mtu haina kazi. Daftari lifunguliwe tena kila msimu wa mavuno unapoanza, mashine mpya inapoletwa, au mtu anaponusurika.

Na moto ukitokea, piga 999 au 112, namba zinazotumika pande zote mbili za mpaka. Waambie wazima moto mara moja kwamba ndani kuna vidonge vya kufukizia, na uwaonyeshe vilipo, kwa maana maji yakivigusa huongeza gesi, nayo huweza kuwaka.